Aliyenusa Mikono Yetu

Baba yangu alikuwa mrina asali. Nianze na yeye, maana kila nikianza moja kwa moja na yule ninayetaka kumsema, nakwama. Nilikuwa mdogo, hata kaptula sijaanza kuvaa, akanichukua porini. Kuna ndege mmoja, rangi ya vumbi, kazi yake ni kuwaita watu kwenye asali. Anatua mti huu, anapiga kelele, anakungoja, anarukia mti ule. Baba alimfuata asubuhi nzima akimjibu kwa mluzi. Tukafika kwenye mti wenye tundu, baba akawasha moshi, akatoa masega mpaka ndoo ikafurika. Desturi ni kumwachia yule ndege kipande chake. Baba hakumwachia. Alilamba vidole, akachimba, akafukia mabaki yote mpaka nta. Nikamwuliza, baba, na ndege je?

"Huyo kazi yake kupiga kelele. Ameshapiga."

Ndege alikaa kwenye tawi anatutazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa kimya. Mimi nilirudi nyumbani nanuka moshi. Mama alinisugua kwa majivu, akanisugua tena kesho yake, na siku ya tatu bado kaka zangu walikuwa wananifukuza kitandani. Moshi ukimshika mtu haumwachi upesi. Ndiyo maana hata mimi niliamini, miaka mingi baadaye, alipokuja kwetu mtu aliyesema anaweza kunusa moshi wa juzi kwenye kiganja cha mwenzake.

Tulimwita Fundi. Alikuja huku milimani, upande wa Mwese, kwa pikipiki ya kukodi, na magunia mawili ya miche ya chai iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Alitoka kusini, kwenye mashamba makubwa, alikofanya kazi ya chai mpaka mgongo ukapinda. Sisi ni watu wa mahindi na maharage, na kahawa kidogo. Chai tulikuwa tunaijua ikiwa kikombeni. Akatukusanya, kaya kumi na tatu, akasema ukungu wetu na baridi yetu ni mali, na sisi tunaitumia kukohoa tu.

Tukapanda, kila kaya na mistari yake. Chai inachelewa, bwana. Unaweza kuoa na kuacha, bado haijakupa kitu. Wengine wakachomeka maharage katikati ya mistari ili wasife njaa wakisubiri. Fundi akayangoja yatoe maua, ndipo akayang'oa yote, akampa mbuzi wa jirani. Mtu akamwuliza kwa nini hakuyang'oa yakiwa machanga. Akasema, "Yakiwa machanga usingeumia."

Huyo ndiye mtu mwenyewe.

Lakini kazi aliijua, siwezi kumdhulumu hapo. Alitufundisha chai nyeupe, ambayo hata jina lake tulilichekea. Ile nyeusi ya dukani, alisema, inapigwa. Inanyaushwa, inakatwakatwa, inasagwa mpaka inatoa maji, inaachwa igeuke nyekundu, halafu inapelekwa kwenye moto mkali. Nyeupe haiguswi. Unachuma chipukizi peke yake, lile la juu kabisa ambalo halijafunguka, lenye manyoya meupe kama sikio la mbuzi mchanga. Unalichuma umande ukishaondoka na jua halijawa kali. Hulifinyi kwa kucha, unalivunja tu kwa kuliinamisha. Hulijazi kwenye gunia, unalilaza kwenye kikapu kipana. Bandani unatandaza kwenye nyungo, moja moja, kivulini, upepo upite chini na juu, siku mbili au tatu. Hukandi, huchemshi. Mwisho kabisa unapitisha kwenye joto dogo la mkaa uliofunikwa majivu, mkaa ambao moshi umeshakwisha, basi.

"Chai nyeupe haitengenezwi," alikuwa anasema. "Inaachwa. Nyie hamjui kuacha kitu."

Chipukizi likibanwa kidogo tu linatoa alama nyekundu. Akiona alama, analinyanyua juu watu wote walione, anauliza, "Nani kamtoa damu huyu?" Usiku wa baridi alifunika nyungo kwa blanketi lake mwenyewe, yeye akalala na koti. Niliwahi kumkuta anapuliza pumzi yake juu ya ungo, polepole, kama mama anayepoza uji. Sijawahi kumwona anampulizia mtoto wa mtu hata kidonda.

Na sheria yake kubwa ilikuwa hii. Chai inavuta harufu. Iweke karibu na kitunguu, kesho inanuka kitunguu. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuchuma tulijipanga mbele ya banda, viganja juu, Fundi anapita na kuvinusa. Sabuni ya manukato, nyumbani. Dagaa, nyumbani. Mafuta ya taa, dawa ya kifua uliyompaka mtoto, nyumbani. Alikuwa anashika kiganja chako kwa vidole viwili, anainama, anavuta pumzi ndefu, halafu anakaa kidogo amefumba macho. Akisema, "Wewe jana ulichinja kuku," basi ulichinja. Hakukosea. Watu walimwogopa kuliko mganga. Na ukirudishwa mara tatu kwenye msimu mmoja, mistari yako anapewa mwingine. Tulilikubali hilo wenyewe kwa kunyoosha mikono, hiyohiyo iliyokuwa inanuswa.

Kulikuwa na mzee mmoja kwetu aliyewahi kuugua ukoma zamani, akapona, vidole vikabaki nusunusu. Alikuwa anachuma kwa ubavu wa kiganja, vizuri sana, bila kuacha alama. Asubuhi moja Fundi alimshika mikono, hakuinusa hata, akasema, "Wewe mzee, vyako vilishavunwa." Tulicheka. Mimi pia nilicheka, tena nilikuwa wa kwanza. Mzee naye akacheka, kwa sababu ungefanyaje. Jioni yake nilimkuta huyo mzee amevaa buti za mvua za Fundi, amepewa bure. Nikamwuliza amekuomba radhi? Akasema, "Hapana. Amesema nyasi zina baridi." Sasa mtu kama huyo utamweka fungu gani?

Ngoja niseme na habari ya kula kwake. Ile chai nyeupe hakuinywa. Alisema ni ya watu wasio na njaa. Yeye alichemsha majani ya dukani, tangawizi nyingi, sukari mpaka kijiko kinasimama. Chakula alikula chochote. Mke wangu aliwahi kumletea maharage kumbe yamechacha, tulikuja kujua nyumbani tulipofunua chungu. Nikakimbia kumwambia, nikamkuta anafuta sahani. Nikasema moyoni, huyu mtu ni mkali kwa jani tu, kwa tumbo lake hana makuu. Na siku nyingine panya alifia chini ya nyungo. Tulipokuja asubuhi uvundo ulitupokea mlangoni, na yeye amelala humohumo. Tukasema, Fundi, kuna mzoga. Akainuka, akatutazama mmoja mmoja. "Nilikuwa nawapima nyie, kama mna pua." Tukasifu sana akili yake.

Jioni mimi nilikuwa napita bandani kupiga soga. Nyumbani mke wangu alishachoka na stori zangu, na Fundi alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliniita Mzee wa Stori. Ananimiminia chai yake ya tangawizi, anasema, "Haya, huko chini kuna nini?" Mimi namweleza. Nani kagombana na mkewe, nani kachinja, nani kaletewa samaki, mtoto wa nani anakohoa. Sikuwa na nia yoyote. Mtu mwingine akishika kitambaa anashona, mimi nikiona sikio naongea. Alinipa kazi ya kulinda nyungo, akasema nina macho. Nilijiona mkubwa.

Sasa nimfikie mdogo wangu wa kike, maana ndiye anayenifanya niseme haya yote.

Tulimwita Mama Kashindi, kwa binti yake wa pekee. Mume alikufa, wakwe wakachukua shamba la bondeni pamoja na jembe. Akarudi kwetu. Mistari sita ya chai ndiyo ardhi ya kwanza aliyoipata kwa jina lake mwenyewe, na alikuwa akipita hapo anaigusa miche kichwani mmoja mmoja, kama anahesabu watoto. Mikono yake ilikuwa miepesi kuliko ya wote. Fundi mwenyewe alisema hivyo, mara moja, hakurudia.

Msimu ule alirudishwa mara ya kwanza kwa kitunguu. Mara ya pili shemeji zake walimtembelea, akawakaangia dagaa wa Karema waliotumwa na mtu wa ziwani. Nakumbuka vizuri, kwa sababu jioni yake nilimsimulia Fundi jinsi wale shemeji walivyokula kama wamefungwa mwezi mzima, na tulicheka sana. Asubuhi Fundi akashika kiganja cha mdogo wangu, akafumba macho.

"Dagaa."

"Nimenawa kwa limao, Fundi. Na majivu."

"Umenawa mkono. Dagaa yuko ndani."

Akaondoka na kikapu chake kitupu mbele za watu. Ikabaki mara moja.

Halafu ikaja siku ya mnunuzi. Mama mmoja wa Dar alikuwa amefika Mpanda anatafuta chai nyeupe, Fundi akashuka kumpokea, walale mjini, waje asubuhi. Nyungo zote zilikuwa bandani, chai ya siku ya pili. Akaniachia neno moja tu. "Mvua ikija ubavuni, shusha turubai, ukae hapohapo."

Mchana ule kulikuwa na wanzuki kwa jirani, pombe ya asali, imeiva. Mbingu ilikuwa nyeupe. Nikasema nionje nirudi. Mvua ilinikuta kibuyu cha tatu, na mlangoni akatokea mdogo wangu ameloa mpaka nywele.

"Kaka, upepo umeng'oa turubai. Chai inalowana."

"Umeziacha?"

"Nimezihamishia kwangu, nyungo mbili mbili. Zote. Ila chini kuna kuku. Niziweke wapi?"

"Si una dari jikoni? Weka darini, kama mbegu."

Alisita. Nyie mnajua dari la jikoni. Huko juu ya mafiga ndiko tunakotundika mahindi ya mbegu, moshi uyashike, bungua asiyaguse. Babu zetu walifanya hivyo. Kitu cha thamani kwetu kinapanda juu ya moto, hakuna mtu huku aliyefundishwa vingine.

"Fundi hatakasirika?"

"Fundi nitaongea naye mimi. Washa moto zikauke. Kesho mtu hatajua kama zilinyeshewa."

Akaenda akawasha. Alikesha anachochea, maskini, anageuza nyungo kwa zamu ili zote zipate. Asubuhi chai ilikuwa kavu, nzuri kwa macho, tukairudisha bandani. Mimi kichwa kilikuwa kinauma, hata pua sikuielekeza huko.

Wakaja. Fundi aliinamia ungo wa kwanza, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Hapo sasa," akasema.

Mnunuzi naye akachukua konzi, akanusa, akairudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Akanusa ungo wa pili na wa tano.

"Fundi, hii ni moshi mtupu. Hii siwezi."

Fundi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Akanivuta nyuma ya banda.

"Nani?"

"Mama Kashindi alizipandisha darini kwake."

Neno hilo ni la kweli. Ningeongeza jingine moja ingekuwa kweli yote. Mimi ambaye siku zote naongeza, siku ile sikuongeza.

Aliweka sufuria kubwa kwenye moto. Akamwaga humo ungo mzima, akachemsha mpaka maji yakawa rangi ya mchanga. Akamwita mdogo wangu katikati ya watu, akampa kikombe.

"Umepika moshi. Kunywa."

Akanywa. Cha pili akanywa. Watu walikuwa wanacheka kidogo, kicheko cha hofu. Kwenye cha tano wakaacha. Mnunuzi alishapanda gari lake. Kila akimaliza kikombe Mama Kashindi alinitazama, hakutaja jina langu, alikuwa ananingoja. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, nikaanza kufunga kamba ya turubai ambayo haikuwa na haja ya kufungwa. Cha nane alitapika kwenye nguo yake. Fundi akamshika viganja vyote viwili, akavinyanyua juu tuvione.

"Mikono hii haitasafishika. Hata ukiikata itanuka ikiwa chini."

Halafu akauliza kikundi mistari apewe nani. Mtu akasema, apewe kaka yake, ibaki kwenye ukoo. Wakaona ni haki. Mimi nikaipokea.

Jioni alikuja kwangu, hakuingia ndani.

"Kaka, ulisema utaongea naye."

"Nitaongea."

"Ukiongea nitarudi."

Akaenda Mishamo, kulima mihogo ya watu kwa kibarua. Fundi mwenyewe hakumaliza mwaka, alisema milima inamuumiza kifua, akapanda bodaboda bila kuaga. Chai ikabaki. Wanunuzi wengine wakaja. Ile mistari sita naichuma mimi mpaka leo, na inachipua vizuri kuliko yangu ya zamani. Ningeweza kumrudishia. Sikumrudishia. Mwanzo ilikuwa aibu, baadaye ilikuwa chai.

Kashindi ameshaolewa, ana mtoto. Aliniambia kwenye simu kwamba bibi anamshika mjukuu kwa viwiko. Anasugua mikono kwa majivu mpaka inapasuka, halafu bado hamgusi mtoto kwa viganja, anasema atamwambukiza harufu. Na mdogo wangu mwenyewe, kila tukiongea, ananiuliza lilelile. "Kaka, ukikutana na Fundi, muulize mikono yangu ilikuwa inanuka nini hasa. Nikijua nitaitafutia dawa."

Mwaka huu nilishuka Mpanda kwa habari ya macho yangu. Dereva wa bodaboda akaniambia yule Fundi wenu yuko Kawajense, anauza chai na maandazi. Nilikuwa na kopo la chai nyeupe, nilitaka kumpa daktari. Nikasema nimpelekee huyu, aone kazi. Sidanganyi, nilitaka kusifiwa.

Nilimkuta kwenye benchi, sufuria inachemka, mgongo umepinda zaidi. Nikamsalimia, akanitambua kwa sauti.

"Mzee wa Stori. Bado hujafa?"

"Bado nina stori, Fundi."

Nikafungua mkoba nitoe kopo, harufu ikatangulia kutoka. Sokoni nilikuwa nimenunua dagaa wa Karema kwa ajili ya nyumbani, nimewaweka humohumo. Kifuniko kilikuwa kimefunguka. Dagaa wameingia mpaka ndani ya chai, inanuka ufuko mzima wa ziwa. Wateja wawili walioketi benchini waligeuza nyuso. Nilitaka kulificha, lakini alishalipokea. Akaingiza pua ndani, akavuta pumzi ile ndefu, akafumba macho.

"Hapo sasa," akasema. "Haina kasoro."

Nilimwangalia akifunika kopo kwa upole, vidole viwili viwili.

"Fundi. Tangu lini?"

Alijua ninachouliza. Akakoroga sufuria.

"Kabla sijaja kwenu. Kikaushio cha chai kiliwaka moto, kule kusini. Nilivuta moshi mwingi. Fundi asiye na pua wanamfukuza."

"Sasa mikono yetu ulikuwa unanusa nini?"

"Nilikuwa sinusi. Kila jioni ulikuwa unakuja kuniambia."

"Mimi nilikuwa napiga soga tu."

"Na mimi nilikuwa nasikiliza tu."

Akamimina chai, akanipa, sukari nyingi kama zamani. Akauliza, "Yule mdogo wako yuko wapi?" Nikasema Mishamo. "Na mistari?" Nikasema ninayo mimi. Alitikisa kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya akiona chipukizi limechumwa vizuri.

Nikatoa simu, nikatafuta namba. Nikamwambia, "Ongea naye. Neno moja tu, mwambie hukunusa kitu. Akilisikia kwangu hataamini, atasema namtuliza. Anamshika mjukuu kwa viwiko, Fundi."

Simu ikaanza kuita. Nikamnyooshea. Aliitazama inavyoita mkononi mwangu, akainama, akachukua ndoo tupu.

"Mkaa umeisha. Niangalizie sufuria."

Akashika njia. Simu ikapokelewa.

"Kaka? Umemwona?"

"Nimemwona. Amekwenda kuchukua mkaa."

"Amesema nini?"

"Anakuja sasa hivi, atakwambia mwenyewe."

"Haya. Nangoja."

Wauza mkaa wa Kawajense wako pale pale barabarani, hatua thelathini hivi kutoka kwenye benchi, magunia yamepangwa. Fundi aliyafikia, akayapita, ndoo inayumba mkononi, akakata kona kwenye duka la baiskeli bila kugeuka. Niliangalia sufuria mpaka maji yakakauka na majani yakaanza kuungua. Sijamwona tena.